FORD MODEL T NA VOLKSWAGEN: LIPI LILIKUWA GARI LA WATU?

Msomaji, tangu motokaa ya kwanza ilipotembea kwa nguvu ya petroli katika karne ya 19, chombo hicho kimekuwa kipimo cha kuwatenga watu: huyu analo, yule hana. Mwenye gari hupita, na asiye nalo hubaki akijipangusa vumbi usoni. Ndiyo maana historia ya magari mawili tunayoyalinganisha leo yafaa isomwe hata na mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Watu walioyabuni walitangaza shabaha moja: kutengeneza gari ambalo mtu wa kipato cha kawaida, pamoja na mkewe na watoto wake, angeweza kulinunua, kulitunza na kulipanda bila kumwonea haya tajiri.

La kwanza ni Ford Model T, lililoanza kuuzwa nchini Marekani tarehe 1 Oktoba, 1908. La pili ni Volkswagen, lile la mgongo wa mviringo ambalo Wajerumani wenyewe walilipa jina la utani la Käfer, yaani dundu. Neno Volkswagen lenyewe maana yake ni "gari la watu". Magari hayo yamepishana umri kwa miaka 30 hivi, na wala hayafanani kwa sura au kwa tabia. Hata hivyo yalifukuzana kwa idadi kama wakimbiaji wawili. Kampuni ya Ford iliunda Model T 15,007,033, rekodi ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa haitafikiwa na mtu. Tarehe 17 Februari, 1972, kiwanda cha Volkswagen kikatoa dundu wake wa 15,007,034, na rekodi ikaanguka.

Basi swali letu la leo ni hili: kati ya mawili hayo, ni lipi lililostahili kweli kuitwa gari la watu? Na watu hao walilipia kiasi gani?

GARI LA MKULIMA

Henry Ford alizaliwa tarehe 30 Julai, 1863, katika shamba lililokuwa karibu na mji wa Dearborn, jimbo la Michigan. Alizijua kazi za shamba, na aliijua adha ya mkulima anayekaa mbali na soko, mbali na daktari na mbali na jamaa zake. Katika Marekani ya wakati huo barabara za mashambani zilikuwa za vumbi wakati wa kiangazi na za tope wakati wa mvua, wala hazikutofautiana sana na zile ambazo wengi wetu tumezizoea.

Kwa sababu hiyo Model T lilijengwa likiwa limeinuka juu ya ardhi, na magurudumu yake yalikuwa marefu na membamba. Sehemu zake muhimu zilitengenezwa kwa chuma cha pua kilichochanganywa na madini ya vanadi, chuma kilicho chepesi lakini kigumu. Gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 540 hivi, kiasi ambacho likinasa, wanaume wachache waliweza kulisukuma likatoka. Injini yake ilikuwa na silinda nne, ujazo wa lita 2.9 na nguvu za farasi 20. Katika barabara nzuri liliweza kukimbia kilomita 65 hadi 70 kwa saa.

Lakini usidhani, msomaji, kwamba dereva wa leo angelipanda na kuondoka. Lilikuwa na pedali tatu, na hakuna hata moja kati yake iliyokuwa ya petroli. Petroli iliongezwa kwa kijiti kilichokuwa chini ya usukani. Pedali ya kushoto ilikuwa ya kubadili gia mbili za kwenda mbele, ya katikati ya kurudi nyuma, na ya kulia ya breki. Ili liwake, ilibidi mtu asimame mbele yake na kupiga hendeli kwa mkono. Hendeli hiyo ilikuwa na desturi mbaya ya kurudi kwa ghafla, na watu wengi walivunjika mikono. Ndipo kuanzia mwaka 1919 mnunuzi alipoweza kuongeza fedha akapata stata ya umeme, jambo lililowaondolea akina mama kikwazo kikubwa cha kuendesha wenyewe.

Tena palikuwa na kioja kingine. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti, na petroli ilishuka kwenye kabureta kwa uzito wake tu, bila pampu. Kilima kikiwa kikali na petroli ikiwa kidogo, injini ilikosa mafuta na kuzimika. Dawa yake ilikuwa kuligeuza gari na kukipanda kilima kinyumenyume! Wahenga wetu waliposema kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, hawakujua kwamba kutakuja gari ambalo ngoma yake ni kupanda.

Pamoja na vituko vyote hivyo, wakulima walilipenda. Lilipoharibika, mkulima alilitengeneza mwenyewe kwa nyundo, bisibisi na spana. Wengine waliliinua kwa jeki nyuma, wakafunga mkanda kwenye gurudumu, na gari likawa mtambo wa kusukuma maji au kupasua mbao. Kwa mara ya kwanza gari halikuwa pambo la mtu wa mjini. Lilikuwa chombo cha kazi, kama jembe na shoka.

GHARAMA YA DOLA TANO

Mwaka 1908 Model T liliuzwa kwa dola 850, bei ambayo haikuwa ndogo hata kidogo kwa mfanyakazi wa kawaida. Kilichoishusha ni utaratibu mpya wa kazi ulioanzishwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Highland Park. Hapo awali mafundi walilizunguka gari lililosimama, sasa gari likaanza kutembea mbele ya mafundi waliosimama. Kila mmoja alipewa kazi moja ndogo: huyu hufunga boliti, yule hukaza nati. Chesisi iliyokuwa ikichukua saa 12 na nusu kuunganishwa ikawa inakamilika kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kufikia mwaka 1925 bei ya Model T la aina ya chini kabisa ilikuwa imeshuka hadi dola 260.

Hata hivyo kazi ya kukaza nati ileile kutwa nzima humchosha mtu akili kabla ya mwili. Wafanyakazi waliacha kazi kwa wingi mno: katika mwaka 1913 kiwanda kililazimika kuajiri watu mara kadhaa zaidi ya nafasi zilizokuwapo ili kuziba mapengo. Mwezi Januari, 1914, Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa nane, yaani zaidi ya mara mbili ya kiwango cha kawaida cha wakati ule. Fanya hesabu, msomaji: kwa dola 5 kwa siku, gari la dola 260 ni mshahara wa siku 52. Hilo lilikuwa jambo geni duniani, kwamba mtu anayeunda gari aweze pia kulinunua.

Lakini dola hizo zilikuwa na masharti. Ford alianzisha idara maalumu ambayo wakaguzi wake waliingia katika nyumba za wafanyakazi na kuuliza maswali: je, baba anakunywa pombe? Nyumba ni safi? Kuna akiba benki? Aliyeonekana kwamba haishi inavyotakiwa, alinyimwa sehemu ya malipo mpaka ajirekebishe. Wako watakaosema kwamba uangalizi huo uliwasaidia wake na watoto wa walevi. Lakini mwajiri akishaingia hadi jikoni mwa mtu, ni vigumu kujua mshahara unanunua jasho tu au unanunua na uhuru.

Mwishowe Ford alishindwa na sifa zake mwenyewe. Kuanzia mwaka 1914 hadi 1925 magari yake yalipakwa rangi moja tu, nyeusi, na kwa miaka karibu ishirini hakutaka kusikia habari ya kulibadili gari lake. Wakati huo washindani wake, hasa kampuni ya General Motors, walileta rangi, milango mizuri na utaratibu wa kulipa kidogo kidogo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tarehe 26 Mei, 1927, Model T la milioni 15 lilitoka kiwandani, na mwaka huohuo utengenezaji wake ukakomeshwa.

AHADI YA STAMPU

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1934 serikali ya Hitler ilimpa mhandisi Ferdinand Porsche kazi ya kubuni gari rahisi kwa familia za Wajerumani. Masharti yake yalikuwa magumu: gari libebe watu wazima wawili na watoto watatu, likimbie kilomita 100 kwa saa, lisitumie zaidi ya lita 7 za petroli kwa kilomita 100, na bei isizidi mark 1,000. Porsche alisafiri kwenda Marekani mwaka 1936 na tena mwaka 1937 kuviona viwanda vya huko, vikiwamo vya Ford. Kwa hiyo dundu alijifunza kutembea kwa kumtazama mzee wake.

Jiwe la msingi la kiwanda cha Wajerumani liliwekwa tarehe 26 Mei, 1938, miaka 11 kamili tangu siku ile ya Model T la milioni 15. Bei iliyotangazwa ilikuwa mark 990. Kwa kuwa wafanyakazi hawakuwa na fedha hizo mkononi, waliambiwa wanunue stampu za mark 5 kila wiki na kuzibandika katika kitabu. Tukigawa 990 kwa 5 tunapata wiki 198, karibu miaka minne ya kujinyima, bila kuhesabu bima. Watu wapatao 336,000 walijiandikisha. Walibandika stampu zao, walizitazama picha za familia zikienda matembezini Jumapili, wakangoja.

Hakuna hata mmoja aliyepata gari. Vita vilianza mwaka 1939, na kiwanda kikageuzwa kutengeneza magari ya jeshi na zana nyingine za vita. Wafanyakazi wake wengi hawakuwa watu walioajiriwa bali walioletwa kwa nguvu: wafungwa wa vita, watu waliotekwa katika nchi zilizovamiwa, na wafungwa wa kambi za mateso. Katika miaka ya vita watu wapatao 20,000 walitumikishwa hapo. Baada ya vita baadhi ya wale waliobandika stampu walikwenda mahakamani, na kesi yao ilichukua miaka mingi mpaka wakaambulia punguzo la bei au fidia ndogo ya fedha.

Haifai kuficha ubaya wa upande mmoja na kuutangaza wa upande wa pili. Henry Ford naye, katika miaka ya 1920, alimiliki gazeti lililoeneza chuki dhidi ya Wayahudi, na mwaka 1938 alipokea nishani kutoka serikali ya Hitler. Gari zuri halimsafishi aliyelitengeneza.

KUTOKA KATIKA MAGOFU

Vita vilipokwisha mwaka 1945, kiwanda kilikuwa kimepigwa mabomu na kilikuwa chini ya jeshi la Uingereza. Ofisa mmoja, Meja Ivan Hirst, aliagizwa kukisimamia. Majeshi yalihitaji magari, nao wafanyakazi walihitaji kula; basi utengenezaji ukaanza tarehe 27 Desemba, 1945. Wataalamu wa Uingereza walioliangalia gari hilo walilidharau kwamba ni baya wa sura, lina kelele na halitapata mnunuzi. Mwaka 1948 hata kampuni ya Ford ilipata nafasi ya kukichukua kiwanda hicho, ikakiacha.

Mwaka huohuo wa 1948 uongozi wa kiwanda ulikabidhiwa kwa Heinz Nordhoff. Huyu hakubadili umbo la gari, ila kila mwaka alibadili kitu ndani yake: dirisha la nyuma lililokuwa limegawanyika vipande viwili likawa kimoja mwaka 1953, injini ikaongezwa nguvu kutoka farasi 25 hadi 30, kisha 34, na kuendelea. Mwezi Agosti, 1955, gari la milioni moja likatoka. Tazama tofauti iliyopo: Ford alilipenda gari lake hata akakataa kulirekebisha, Nordhoff alilipenda lake na kwa sababu hiyo hakuacha kulirekebisha.

Siri ya dundu ilikuwa nyuma. Injini yake ya silinda nne, zilizolala mbilimbili kila upande, ilikaa juu ya magurudumu ya nyuma na kupozwa kwa hewa iliyopulizwa na feni. Halikuwa na rejeta, wala mpira wa maji wa kupasuka. Uzito wa injini uliyakandamiza magurudumu yanayosukuma gari, na chini lilikuwa bapa kama sahani. Kwa hiyo katika tope na mchanga liliteleza na kupita mahali ambapo magari makubwa yaliketi. Boliti chache tu ziliishikilia injini, na mafundi wawili wenye uzoefu waliweza kuishusha kwa muda mfupi.

Kasoro nazo zilikuwapo. Buti lilikuwa mbele, dogo, nalo likagawana nafasi na tangi la petroli. Kwa miaka mingi halikuwa na geji ya mafuta. Dereva alijua petroli imekwisha pale gari lilipoanza kukohoa, akafungua koki ya akiba kwa mguu. Katika kona kali magurudumu ya nyuma ya magari ya zamani yaliweza kujikunja na kulipindua gari la dereva mwenye haraka. Mkanda wa feni ukikatika, ilipasa kusimama mara moja kabla injini haijaungua. Lakini watoto hawakuyajua hayo. Wao walikijua kijishimo cha mizigo kilichokuwa nyuma ya kiti cha nyuma, ambamo mtoto mmoja au wawili waliweza kujikunyata na kusinzia kwa mngurumo wa injini.

KATIKA ARDHI YETU

Magari yote mawili yalifika Afrika Mashariki, kila moja kwa njia yake. Magari ya Ford yalitumiwa na majeshi ya Uingereza katika mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza. Pale yaliposhindwa na mvua na misitu, mzigo ulirudi vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika, na maelfu kwa maelfu yao walikufa kwa maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi. Hivyo gari la mkulima wa Marekani halikuwa bado gari la mkulima wa Afrika. Yeye alikuwa ndiye gari.

Volkswagen lilijipatia jina hapa kwa mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Lilishinda mwaka 1954, tena mwaka 1957, na tena mwaka 1962 likiendeshwa na Tommy Fjastad. Hakuna tangazo la biashara lililoweza kushinda ushahidi huo. Mtu aliyeliona gari dogo likitoka katika tope la masika huku makubwa yamenasa, hakuhitaji kushawishiwa. Walimu, waganga, wachungaji na watumishi wa serikali walilinunua kwa sababu katika njia kavu lilikwenda bila kuomba maji.

MIZANI YA MWISHO

Tukiyapima kwa ufundi tu, dundu ana ushindi usio na ubishi, kama inavyompasa aliyezaliwa baadaye. Lina gia nne kwa mbili, linatumia petroli kidogo kwa umbali uleule, linawaka kwa ufunguo, na lina paa imara ya kuwakinga watoto na mvua. Model T lilikunywa kati ya lita 11 na 18 kwa kilomita 100. Kwa urahisi wa kutengenezwa yanakaribiana sana, maana yote mawili yaliheshimu akili ya fundi wa kawaida na mfuko wa mwenye gari.

Tukiyapima kwa haki, mizani hugeuka. Ford alidai mengi kwa dola zake tano, lakini aliyefanya kazi alilipwa, na aliyelipia gari alilipata. Gari la stampu liliahidiwa watu likapewa jeshi. Dundu alikuja kuwa gari la watu kweli baada ya wale waliolitumia jina hilo kama chambo kuondolewa, na wafanyakazi wa kawaida kulijenga upya kwa mishahara yao halali. Kwa hiyo jibu letu ni kwamba Model T lilikuwa gari la watu tangu siku zake za mwanzo, na Volkswagen lilikuwa gari la watu kwa jina kwanza, kisha kwa matendo.

Dundu wa mwisho alitoka katika kiwanda cha Puebla, nchini Mexico, tarehe 30 Julai, 2003, akisindikizwa kwa muziki. Jumla yao ilikuwa 21,529,464. Siku hiyo, kwa sadfa tu, ilitimia miaka 140 tangu kuzaliwa kwa Henry Ford.

Leo, msomaji, magari yana kompyuta ndani yake, na taa moja ikiwaka mbele ya dereva yaweza kumfunga fundi mikono mpaka chombo cha kupimia kipatikane. Yana usalama na starehe ambavyo Ford na Porsche hawakuviota, na hakuna sababu ya kuyakataa. Lakini kabla familia yako haijatoa akiba ya miaka kununua gari, mapya au yaliyotumika, keti na mwenzako muulizane maswali ambayo magari haya mawili ya zamani yaliyajibu vizuri: vipuri vyake vinapatikana wapi? Fundi wa mtaani kwetu anaweza kulifungua? Kwa mwezi litakula kiasi gani, na fedha hizo zitatoka katika sahani ya nani? Likiyajibu maswali hayo, rangi na jina si kitu. Lisipoyajibu, halitakuwa gari lenu. Ninyi ndio mtakaokuwa wake.